Fundi, Ulikuwa Wapi?

Kitambaa kilikuwa na ndege. Kitenge cha samawati iliyokolea, yadi sita, ndege weupe wa shingo ndefu wanapaa, miguu wameinyoosha nyuma kama yangeyange wanaorudi kulala kule Dunga jua likitua. Mama aliyekileta alisema binti yake alikitoa Kampala. Alitaka gauni refu lake mwenyewe na shati la mzee wake, wavae Jumamosi wageni watakapoleta mahari ya binti huyo huyo. Jumatano asubuhi nikakitandaza mezani, nikakikunja, nikapiga chaki, nikakata gauni na shati kwa mpigo mmoja. Saa tisa alasiri, nilipounganisha mabega ya gauni, ndipo nikaona. Mbele ndege walikuwa wanapaa. Nyuma walikuwa wanaanguka vichwa chini, kama waliopigwa kwa manati. Nikachukua shati. Vivyo hivyo.

Kwa asiyejua cherehani, nieleze kidogo. Kitambaa chenye picha inayosimama, iwe ndege, samaki au taa, hukunjwa pindo kwa pindo ili matabaka yote mawili yatazame juu. Ukikikunja ncha kwa ncha, tabaka moja linageuka miguu juu, na kila utakachokata kitakuwa na pacha wake aliyepinduka. Hili ni somo la wiki ya kwanza. Nimeshona Kisumu miaka 17, nimefundisha wasichana wanne kukata, na wote wanne niliwaonya juu ya kosa hilo kabla sijawapa mkasi.

Alhamisi asubuhi sikufungua. Nilizunguka soko la Kibuye kibanda kwa kibanda nikiwa na kipande cha kitenge mkononi kama mtu anayetafuta mtoto aliyepotea kwa picha yake. Nikaenda Soko la Jubilee, nikapita maduka ya vitambaa ya barabara ya Oginga Odinga. Ndege weusi walikuwepo. Tausi walikuwepo. Wale wangu hakuna. Saa sita, niliporudi kibandani, mama akaja kujaribu gauni lake, na mimi nikamwambia ukweli, kwa sababu ndege hawafichiki.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi kwenye benchi, akaliweka gauni mapajani, akalipapasa mgongo kwa kiganja, halafu akaniuliza kwa Kijaluo, taratibu kabisa: "Nyathina, ne in kanye?" Mwanangu, ulikuwa wapi?

Nilitaka kusema nilikuwa hapa hapa. Mlango ulikuwa wazi, jirani wangu wa vifungo aliniona, mkono ulioshika mkasi ulikuwa wangu. Lakini jibu halikutoka, maana lingekuwa uongo.

Nilikuwa kwenye grupu ya kwaya.

Mimi ni katibu wa kwaya katika kanisa letu huku Manyatta. Juma hilo tulikuwa na safari ya Kakamega mbele yetu, na grupu ya WhatsApp ilikuwa inachemka: nani amelipa nauli ya basi, nani hajalipa, sketi ziwe za zambarau au za kijani, na kwa nini watu wa sauti ya tatu hawaji mazoezini. Usiku wa Alhamisi nilirudi nyuma kwenye simu nikahesabu. Kati ya saa mbili na saa nne za Jumatano asubuhi, saa zile zile za mkasi, nilikuwa nimeandika jumbe 41. Moja ilikuwa na aya ya Biblia.

Swali la yule mama lilinikaa. Siku chache baadaye nikiwa nasoma Mwanzo nikalikuta tena, mlango wa tatu, mstari wa tisa: "Bwana Mungu akamwita Adamu, akamwambia, Uko wapi?" Nimeusikia mstari huo tangu shule ya Jumapili, na siku zote niliudhani ni swali kwa mtu aliyetoroka. Kumbe Adamu hakutoroka. Mlango wa pili unasema Mungu alimweka katika bustani "ailime na kuitunza", na alipoulizwa yuko wapi, alikuwa bado ndani ya bustani hiyo hiyo. Alikuwa kazini. Mwili wake haukuwa umepiga hatua hata moja nje ya eneo la kazi. Amejificha tu kati ya miti, na miti yenyewe ndiyo aliyopewa kuitunza.

Nadhani ndiyo hali ya wengi wetu. Tunafika saa mbili, tunatoka saa kumi na moja, na katikati tumejificha.

Ukisoma mashauri ya kuwa makini kazini mara nyingi utaonywa juu ya umbea, kubeti, na mechi za Uingereza. Sina la kuongeza hapo, maana wenye shida hizo wanajijua. Ninaloliona halisemwi ni kwamba kwa watu wa aina yangu, watu wa kanisa, mwizi huja amevaa joho la kwaya. Tukitoka kwenye kazi kwenda kwenye umbea dhamiri inatuuma. Tukitoka kwenye kazi kwenda kwenye mambo ya Bwana, dhamiri inatupigia makofi. Ndiyo maana niliweza kukata ndege wa watu vichwa chini nikiwa nimejaa amani tele.

Na wala si jambo lililoanza na simu. Kabla sijafungua kibanda changu niliajiriwa miaka sita kwenye karakana moja ya sare za shule mjini hapa. Tulikuwa na ushirika wa saa ya chakula cha mchana, saa saba hadi saa nane, pale pale kati ya mafungu ya sweta. Ulikuwa ushirika mtamu, sikatai. Ndipo nilipojifunza kuomba kwa sauti. Lakini saa nane ikifika tulikuwa ndiyo kwanza tunapandisha pambio, na saa nane na nusu mtu alikuwa bado anatoa ushuhuda. Msimamizi wetu alikuwa Mwislamu. Yeye alikuwa ameswali adhuhuri na kurudi kwenye ovaloki yake kabla hatujamaliza pambio la pili, anatungojea, hasemi neno. Januari, wazazi wamepanga foleni hadi barabarani na watoto wanataka kuripoti shuleni Jumatatu, sisi tulikuwa ndani tunaimba. Leo nikikumbuka macho ya wale wazazi dirishani, naona haya.

Kisha gari la tajiri likisikika getini, cherehani zote zilinguruma kwa pamoja. Mtu angedhani mvua ya mawe imeanguka juu ya mabati. Paulo ana jina la jambo hilo, na sijapata jingine linaloliweza: "utumwa wa macho". Liko Wakolosai 3:22, na mstari unaofuata ndio ule unaochapishwa kwenye kalenda: "Na lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu." Tunanukuu wa 23 na kuruka wa 22. Utumwa wa macho ni kufanya kazi kwa kutegemea macho ya mtu mwingine, yakiwepo unakuwepo, yakiondoka unaondoka. Mtu wa namna hiyo hayupo kazini hata anapofanya kazi kwa bidii, kwa sababu akili yake yote iko getini inasikiliza gari.

Hapo niweke neno moja la pembeni. Maneno hayo Paulo aliwaambia watumwa, watu wasiokuwa na mshahara wala likizo, na sipendi yanapogeuzwa kuwa rungu la tajiri. Nimewahi kumsikia mwajiri ambaye hajalipa watu miezi miwili akifungua ibada ya asubuhi kwa mstari wa 23. Asome na mlango wa nne, mstari wa kwanza, unaowaambia mabwana wawape watumwa wao yaliyo ya haki. Ushauri wangu ni kwa mtu anayelipwa, au anayejilipa kama mimi. Anayeibiwa jasho lake ana haki ya kuwa na mawazo mengine kichwani.

Basi mimi nikaanza kujifunza upya, nikiwa na zaidi ya miaka 40, jinsi ya kuwepo.

Nilianzia kwa nyanya yangu. Alikuwa wa kanisa la Marafiki (Quakers), upande wa Kaimosi, ambako wamisionari watatu kutoka Marekani walifika mwaka 1902. Watu hukumbuka shule na hospitali yao, lakini misheni ile tangu mwanzo ilitaka kufundisha ufundi na Injili kwa pamoja. Walijenga kinu cha kupasulia mbao kwa nguvu ya maji, na mtu aliyehubiri asubuhi aliweza kuonekana mchana ana unga wa mbao nyweleni. Labda ndiyo sababu nyanya hakuwahi kuona mpaka kati ya jembe na sala. Alikuwa na tabia moja iliyotuudhi sisi wajukuu. Kabla ya kuanza jambo lolote, kumwaga mbegu, kuchinja kuku, kufungua gunia la mahindi, alisimama. Kimya. Hafumbi macho, hasemi kitu, ametulia tu akikitazama kile kitu. Marafiki hujua kunyamaza mbele za Mungu, na yeye alikuwa ameuchukua ukimya huo kanisani akautia jikoni. Sisi tulikuwa tunasubiri kuku kwa njaa, tunakonyezana.

Sasa nafanya hivyo na kitambaa. Nakitandaza, naweka kiganja juu yake, natulia. Ni pumzi sita au saba. Sijui kama niiite sala, kwa maana mara nyingi sisemi neno. Lakini katika pumzi hizo nakiona kitambaa: kina uzi uliolegea hapa, doa la mafuta kule, picha inatazama huku. Naona pia mwenye kitambaa. Yule aliyekuja na mimba ya miezi minne na hajawaambia watu, nimwachie nafasi kiunoni. Yule aliyekonda tangu amzike mumewe na vipimo vyake vya mwaka jana si vyake tena. Haya yote yako mbele ya fundi siku zote. Simu haikuniibia muda peke yake; iliniibia watu hawa.

Nije kwenye simu, maana najua ndiyo mliyoisubiri. Nilijaribu kuizima sauti. Haikufaa kitu, nikawa naiangalia zaidi kuona kama imeita. Nikajaribu kuigeuza kifudifudi. Nikawa naigeuza chali. Mwishowe nilinunua kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya kupokea wateja na kulipwa kwa M-Pesa, na ile kubwa nikaitia ndani ya kopo la biskuti ninamowekea vifungo vya makoti, juu ya rafu, ambako lazima nipande kiti kuifikia. Inatoka saa kumi jioni. Kupanda kiti ni aibu ya kutosha. Mara mbili nimejikuta juu ya kiti katikati ya asubuhi, mteja akiniuliza natafuta nini.

Ngumu zaidi ilikuwa kuwaambia watu wa kwaya. Niliandika kwamba katibu atajibu jumbe kuanzia saa kumi, na mwenye dharura apige simu. Ndugu mmoja akajibu kwamba mambo ya Mungu yamekuwa ya muda wa ziada siku hizi. Niliumia siku mbili. Lakini basi lilikodiwa, sketi zikawa za zambarau, sauti ya tatu bado hawaji mazoezini. Hakuna kilichokufa. Jambo hili lilinishangaza kuliko nilivyotarajia, na kidogo liliniudhi: nilikuwa nimejiona nguzo.

Hapo ndipo Dorkasi aliponisaidia. Matendo ya Mitume mlango wa tisa unamsimulia mwanamke wa Yafa aliyefariki, na Petro alipofika, wajane walisimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea enzi za uhai wake. Fikiria. Amekufa mtu wa kanisa, mwanafunzi wa Bwana, na ushahidi unaoletwa mbele ya mtume ni nguo. Hakuna aliyeleta kumbukumbu za mikutano. Na naamini wale wajane, kama ni wajane kama wa kwetu, walizigeuza nguo hizo ndani nje kumwonyesha Petro mshono.

Sasa mpangilio wa siku. Hili nalisema kwa mafundi hasa, lakini mwalimu, muuguzi au karani wa kaunti atapata pa kukatia pake. Kazi yangu ina sehemu mbili. Kukata hakusamehe. Kushona kunasamehe, mshono ukikosea unafumua. Miaka yote nilikuwa nakata wakati wowote mteja akinisukuma, hata saa nane mchana, jua la Kisumu limechemsha mabati na kichwa kimekuwa uji. Sasa nakata kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne, upepo wa ziwa ukiwa bado una ubaridi, kopo limefungwa, mlango nusu. Baada ya hapo nashona, na hapo naweza kupiga soga, kuwasikiliza wapita njia, kuimba. Sikuongeza saa hata moja. Niliacha tu kuidanganya akili yangu kwamba iko sawasawa siku nzima.

Redio nayo nimeihamisha. Zamani nilikata nikisikiliza mahubiri. Siku moja mhubiri akasema kwa sauti kuu, inua mkono wako wa kuume, nami nikauinua, na mkasi ulikuwa humo. Mahubiri yanastahili masikio yote mawili, na kitenge cha mtu kinastahili macho yote mawili, na mimi nina kichwa kimoja. Nyimbo ni sawa wakati wa kupiga pindo refu la shuka.

Kesha pia. Hapa najua nitagombana na watu. Tulikuwa na kesha kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tatu usiku hadi alfajiri, na Jumamosi nafungua kibanda saa mbili kama kawaida, nikijivuna kwamba Bwana ananipa nguvu. Jumamosi moja nilisinzia mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani ya umeme, na sindano namba 16 ikapita katikati ya ukucha wa kidole cha shahada, ikavunjikia ndani. Bado kidole hicho hutabiri mvua. Sijaacha kesha. Ila Jumamosi ya kesha nafungua saa tano, na sikati chochote. Mtu aliyekesha akaja kazini akiwa ganda tu amemnyima mteja kitu alichokilipia, na kumtaja Bwana hakulipi deni hilo.

Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa hili la watu wanaoingia. Kibanda hakina mlinzi. Unakaa kukata, anaingia mtoto wa jirani anataka sindano, anaingia dada wa kanisani ana mzigo moyoni, anaingia mtu wa chama, anaingia muuza chapati. Kuwa makini kazini ni kuwafukuza wote? Nehemia alipokuwa anajenga ukuta, walimwita ashuke wakutane. Akajibu, "Mimi ninafanya kazi kubwa, hata nisiweze kushuka". Wakamwita mara nne, akajibu vile vile mara nne. Nikaupenda mstari huo, nikaanza kuutumia kwa kila mtu. Nilikuwa karibu kuuandika ukutani.

Halafu nikasoma habari za Yairo. Yesu yuko njiani, ana kazi mbele yake, na si kazi ndogo, binti wa Yairo, wa miaka 12, anakufa. Umati unamsonga. Mwanamke anagusa pindo la vazi lake, na Yesu anasimama. Anauliza ni nani aliyenigusa. Petro anaona ni swali la ajabu, watu wote hawa wanasukumana. Lakini Yesu alikuwepo kiasi kwamba aliweza kutofautisha mguso mmoja na msongamano. Kama fundi, napenda pia kwamba lilikuwa pindo.

Sasa nani ni wa Nehemia na nani ni wa yule mwanamke? Kwangu nimeona hivi. Wale waliomwita Nehemia walitaka ashuke. Hawakuhitaji kitu alichokuwa nacho. Yule mwanamke alihitaji. Muuza chapati anayetaka kunipigia hadithi ya siasa saa tatu asubuhi, namwambia kwa upole, "Kaka, niko kwenye mkasi, pitia saa nane," na hajawahi kukasirika. Dada aliyekuja na macho mekundu, mkasi unalala. Nauweka chini kabisa, mbali na mkono, ili nisijidanganye kwamba naweza kumsikiliza huku nakata. Robo saa ya kumsikiliza mtu kikweli imekuwa fupi kuliko saa nzima ya kuitikia "mmh" huku nikivizia kola. Nimekosea pande zote mbili, na nitakosea tena. Kuna jirani nilimwambia niko kwenye mkasi, kumbe alikuwa amekuja kuniambia anahama.

Na kuna siku ambazo hakuna njia. Mama yangu alipolazwa huko nyumbani Vihiga, nilikuja kibandani siku tatu mfululizo kwa sababu nilikuwa na oda. Nilishona pindo la sketi moja mara nne. Siku ya tatu fundi mwenzangu, mzee anayeshona suti kibanda cha pili, alikuja akazima cherehani yangu kwenye swichi. Akasema, "Dada, hapa haupo. Nenda ulipo." Nilifunga, nikapanda matatu ya Mbale ya huko Vihiga, nikakaa na mama siku tano, na kule nilikuwepo. Tunapenda kuwapiga watu wenye hofu kwa Mathayo 6:34, "Basi msisumbukie ya kesho". Lakini mgonjwa wangu hakuwa wa kesho, alikuwa wa leo. Kuketi dukani ukiwa huna moyo si uaminifu, ni kujificha kati ya miti kwa namna nyingine. Najua si kila mtu anaweza kufunga. Mwenye bosi atahitaji kuomba ruhusa, na mabosi hawafanani. Aombe hata hivyo.

Kwa wasiwasi wa kila siku, karo, kodi, mtoto aliyebadilika tabia, nina daftari la vipimo, na kurasa zake za nyuma nimezitenga. Likija wazo katikati ya kazi naliandika huko mistari miwili na kuendelea. Saa kumi, kabla ya kufungua kopo, nayasoma na kuyaombea. Mengi yakiwa yameandikwa karibu na "kifua 42, kiuno 36" yanapungua ukali. Ni mbinu ndogo. Kwangu imefaa.

Mnataka kujua gauni liliishaje. Nilinunua kitambaa cha samawati kisicho na picha kwa pesa zangu, nikatoa mgongo wote wa gauni na wa shati, nikaweka kile kipya. Ndege walibaki kifuani tu, na vile vipande vilivyopinduka nikavigeuza na kuvishonea kilemba. Mtu asiyejua angedhani ni mtindo. Nilikataa malipo, mama aliacha nusu juu ya meza, akaenda. Hajarudi, na simlaumu. Kuna wakati namwona mtu wa umbo lake pale steji ya Kondele na moyo unaruka.

Juzi, saa mbili asubuhi, aliingia msichana wa miaka kama ishirini na kitenge cha samaki. Ngege, wakubwa, magamba ya dhahabu, wamepangwa safu kwa safu. Anataka sketi ya mikunjo ya kuvaa mahafali. Kopo lilikuwa linatetemeka juu ya rafu, kwaya ina harambee Jumapili. Nilitandaza kitambaa mezani, nikaweka kiganja.

"Samaki wanatazama upande gani?" nikamuuliza.

Akacheka, akadhani ni mzaha. Halafu akainama, akatazama, akasema, "Ngoja, fundi. Huyu anatazama kushoto. Na huyu anatazama kulia."

Nikavuta miwani. Ni kweli, safu moja ilikwenda hivi na nyingine hivi, na mimi sikuwa nimeona. Tukakikunjua chote, yadi kwa yadi, mpaka kikafika mlangoni, tukaanza kuhesabu.